Nalalamika kwa Niaba Yao

Katika kanuni za mashindano ya dunia ya magari ya mbio ndefu, yale yanayoitwa WEC, kimo kifungu kinachowakataza watengenezaji, timu na madereva kunung'unika hadharani juu ya hesabu zinazotumika kusawazisha magari yao. Umesoma sawasawa. Wakubwa wakiona gari lako lina mbio za kupita kiasi, wanaliongezea kilo, wanalipunguzia nguvu, na wewe mwenye gari kazi yako ni kuvaa helmeti na kushukuru. Ukifungua mdomo unaadhibiwa.

Mimi ambaye watoto wangu wanasomeshwa kwa manung'uniko ninayoyaandika kila wiki, niliposikia habari hiyo nilishikwa na huruma. Mtu umemtwika mzigo, halafu hata kuguna hana ruhusa! Basi msimu wa 2024 nikaukalia kitako mbele ya runinga, na kwa kuwa sina timu, sina kiwanda, na gari langu halijawahi kushukiwa kuwa na mbio, kifungu hicho hakinihusu. Nitawasemea.

Aliyeniingiza katika balaa hili ni binamu yangu wa Maskati. Huyu ni mtu mpole kabisa mpaka siku ya mbio, ndipo simu yangu inapoanza kumwaga sauti zake: Kiswahili cha Ng'ambo kilichochanganyika na Kiarabu cha hasira. Sababu ni moja tu, Ahmad Al Harthy, dereva wa Oman, ambaye mwaka 2024 alikabidhiwa usukani wa BMW M4 GT3 ya timu ya WRT ya Ubelgiji. Jina la Harthy hapa Unguja si geni, lilikuwepo kisiwani kabla masultani wa Kibusaidi hawajahamishia makao yao huku. Kwa hiyo binamu hakuhangaika kunishawishi kwa hoja za injini. Alisema tu, "Yakhe, huyu ni wa kwetu, utamwacha?" Ukiulizwa hivyo na mtu anayekuletea halua kila akija, huna pa kutokea.

Gari lenyewe lilikuwa na namba 46, na namba hiyo si ya Al Harthy. Ni ya Valentino Rossi, Muitaliano, bingwa wa dunia wa pikipiki mara 9, aliyeziacha pikipiki mwishoni mwa 2021 na badala ya kukaa kibarazani akicheza bao kama wastaafu wenye adabu zao, akahamia magurudumu manne. Wa tatu wao alikuwa Mbelgiji Maxime Martin. Kila gari lina madereva watatu wanaopokezana, maana mbio iliyo fupi kuliko zote ni ya saa 6 na iliyo ndefu ni ya saa 24. Na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia: mchezo gani huo ambao mtazamaji anahitaji mtu wa kumpokea zamu?

Tuyatazame na magari. GT lilikusudiwa kuwa gari la bwana mkubwa mwenye safari ndefu: viti viwili vya ngozi, buti la kuweka masanduku, injini ya kuvuka nchi bila mgongo kulalamika. Hili la mbio wamelichukua wakang'oa ngozi, wakang'oa zulia, wakang'oa kiti cha abiria pamoja na abiria mwenyewe, wakajaza mabomba ya chuma ndani na nyuma wakapachika bawa ambalo mama mwenye nyumba angelianikia kanga. Baada ya kutoa vyote hivyo, wakapandisha bei. Porsche 911 GT3 R ilipotangazwa mwaka 2022 ilikuwa euro 511,000 kabla ya kodi. Gari la kiti kimoja, lisiloruhusiwa barabarani, huwezi kwenda nalo hata Darajani kununua samaki.

Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa daraja hilo, LMGT3, kuingia WEC badala ya magari ya GTE yaliyostaafishwa. Viwanda 9 vilijitokeza, kila kimoja na magari mawili: Aston Martin, BMW, Corvette, Ferrari, Ford, Lamborghini, Lexus, McLaren na Porsche. Binti yangu Zuwena alichagua Lamborghini ya Iron Dames kwa sababu ilikuwa ya waridi na iliendeshwa na wanawake pekee. Nikadhani ni mambo ya rangi, mpaka aliponieleza kwamba timu hiyo hiyo ndiyo iliyoshinda Bahrain mwaka 2023 katika daraja la GTE, wanawake watatu wakiwa wa kwanza kushinda mbio ya WEC peke yao. Mama yake akasema anaiunga mkono pia. Nyumba ikagawanyika, na rimoti ikahamia upande wa wengi.

Sasa njoo kwenye jambo linaloninyima usingizi zaidi. Madereva wamepangwa kwa madini: platinamu, dhahabu, fedha na shaba. Platinamu na dhahabu ni wale waliokula na kulala kwenye usukani tangu utotoni. Shaba ni mtu mwenye shughuli zake nyingine, na mara nyingi shughuli hizo zinalipa vizuri sana. Kanuni ya LMGT3 inasema kila gari lazima liwe na shaba mmoja, na lazima akae usukanini muda uliowekwa. Humfichi kwenye hema ukamtoa wakati wa kupiga picha.

Huku kwetu tajiri wa timu ya mpira anajua mahali pake. Anakaa jukwaa kuu, anapigiwa makofi, anatoa bonasi, anakwenda zake. Hajawahi kuvaa jezi akaomba acheze namba tisa dhidi ya watani wa jadi kwa sababu tu yeye ndiye aliyenunua mipira. Wenzetu wamelihalalisha jambo hilo na kuliandikia kanuni. Ndiyo maana unamkuta Thomas Flohr, mwanzilishi wa VistaJet, kampuni ya kukodisha ndege za binafsi, akitoka jasho ndani ya Ferrari akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Mtu ana ndege za kumpeleka popote duniani, yeye kachagua kuzunguka pale pale kwa saa sita.

Na hayo madini yenyewe yana kichekesho chake. Rossi, mwenye mataji 9 ya dunia, aliwekwa daraja la fedha. Ukizeeka unashushwa daraja, na shaba anayeonekana kuwa na mbio kuliko inavyofaa anaweza kupandishwa, jambo ambalo timu nyingi huliona ni msiba, kwa sababu shaba mwepesi ndiye mali. Wataalamu wote wanakaribiana. Sekunde zinapatikana au zinapotea mikononi mwa huyo tajiri. Kwa hiyo kuna watu duniani wanaoomba dua wasipandishwe cheo. Nilipomweleza shemegi yangu, mtumishi wa serikali anayengoja barua yake ya kupanda daraja mpaka mvi zimemtoka, alinyanyuka akaenda kunawa uso.

Baada ya madini zinakuja zile hesabu zisizosemwa. Kabla ya kila mbio inatoka karatasi: gari hili liongezwe uzito, lile lipunguzwe nguvu. Porsche injini yake iko nyuma kabisa, Mustang ina injini kubwa ya silinda nane mbele, Ferrari ina ya silinda sita yenye tabo, na yote yanatakiwa yafike kwenye kona kwa wakati mmoja. Ili asitokee mjanja, kwenye ekseli wamefunga vipimo vinavyotoa habari ya nguvu inayofika kwenye matairi, moja kwa moja kwa wakubwa. Halafu, juu ya hesabu hiyo, kuna kilo za ushindi: ukishinda leo, mbio ijayo unabebeshwa uzito wa ziada. Le Mans peke yake ndiyo iliyosamehewa.

Fikiri vizuri. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani afungwe jiwe mguuni muhula unaofuata, ili na wengine wapate. Nimelisema hili barazani na wazee wawili wakaniambia mbona ni haki kabisa, na mmoja wao nina hakika alikuwa wa mwisho skuli. Lakini ukitazama matokeo ya msimu huo, mbio 8 ziligawanywa na magari 6 tofauti. Karatasi ilifanya kazi. Hilo linaniudhi zaidi, kwa sababu ni vigumu kulalamikia kitu kinachofanya kazi, na sisi wa fani hii tunahitaji ushirikiano.

Mbio ya kwanza ilikuwa Qatar tarehe 2 Machi, ya kilomita 1,812, hesabu iliyotokana na siku ya taifa lao, tarehe 18 ya mwezi wa 12. Ilikula karibu saa kumi. Saa za Qatar na zetu ni moja, hivyo sikuwa na udhuru wa usingizi. Ilishinda Porsche namba 92 ya Manthey PureRxcing, ya Alex Malykhin, Joel Sturm na Klaus Bachler. Manthey ni mafundi wa Kijerumani wanaokaa jirani na uwanja wa mbio wa Nürburgring, na namba 92 hiyo tuishike, itatusumbua.

Imola, Aprili, ndipo nilipopata raha. Mvua ilinyesha, timu zikababaika juu ya matairi, WRT hawakubabaika. BMW yao namba 31 ikawa ya kwanza na ile 46 yetu ikawa ya pili, Rossi akapanda jukwaani nchini mwake na Al Harthy pembeni yake. Binamu alituma sauti ya takbiri ndefu, kisha picha ya sinia la pilau, kisha akaniuliza kama nimeanza kuelewa. Nilikuwa nimeanza.

Spa ya Ubelgiji ikaniharibia ndoa. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 11 Mei, mbio ya saa 6 inayoanza saa nane mchana kwetu na kwisha saa mbili usiku, na jirani alikuwa na arusi. Nikaahidi kwamba saa mbili na robo nitakuwa nimeshavaa kanzu. Mbio ikiendelea, gari la Cadillac la daraja kubwa la Hypercar likagongana na ile BMW namba 31 kwenye sehemu iliyonyooka ya Kemmel, ukuta wa pembeni ukaharibika, ikapepea bendera nyekundu. Magari yote yakasimama, mafundi wakaletwa, na kwa karibu saa mbili runinga ikatuonyesha watu wanafunga bolti.

"Baba Zuwena," mke wangu akaniita kutoka mlangoni, kashavaa, kashajifukiza udi, "hayo magari si yamesimama? Unatazama nini?"

"Natazama ukuta unavyotengenezwa."

Hakujibu. Angalau wakubwa wangekata muda na kutupeleka nyumbani, lakini wao wakaona uungwana ni kurudisha dakika zote zilizopotea. Ikashinda Porsche nyingine ya Manthey, namba 91. Arusini nilifika watu wanapanga viti.

Halafu Le Mans, mama wa mbio hizi, iliyoanza mwaka 1923 na bado haijajifunza kuisha mapema. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 15 na 16 Juni. Fungua kalenda yako: ni wikiendi ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Yaani wakati dunia nzima ya Waislamu iko mbioni na nguo za watoto, mchele na mbuzi, Wafaransa wameweka magari 62 barabarani, 23 kati yake ya LMGT3, kwenye mzunguko wa kilomita 13.626. Bendera ya kuanzia alipewa Zinedine Zidane. Shemegi, aliyekuja kuniuliza habari za mbuzi, alimwona akakaa. "Zidane anaingia kipindi cha pili?" akauliza. Nikamwambia ngoja. Alingoja mpaka magharibi.

Yeye ndiye aliyenitia katika mtihani wa mafuta. Mtangazaji alieleza kwamba tangu 2022 magari haya yanatumia mafuta ya TotalEnergies yaliyotengenezwa kutokana na mabaki ya mvinyo, yale machicha ya zabibu na mashapo yanayobaki kwenye mapipa. Shemegi akanigeukia. "Na huyo kijana wetu wa Oman, ameambiwa?" Nikamjibu kwamba anayekunywa ni gari. Akafikiri, akasema dereva yumo ndani. Tukakubaliana tusiulize zaidi mpaka sikukuu ipite.

Gari letu lilianza vizuri. Rossi alipokuwa usukanini lilikimbilia mbele ya daraja lake, na simu yangu ikajaa sauti kutoka Maskati mpaka ikakataa kupokea picha. Usiku mvua ikaja. Al Harthy alikuwa zamu, barabara imelowa, na gari likapata ajali. Yeye alitoka salama, alhamdulillahi, lakini namba 46 haikuendelea. Simu ilinyamaza kimya mpaka siku ya pili. Nami kwa uaminifu wa kindugu ningezima nikalale, ila nilikuwa nimeshanunua bando la usiku mzima.

Nilichokipata kwa bando hilo ni gari la usalama. Mvua ilizidi, wakubwa wakalitoa gari la taa mbele, na magari ya mamilioni ya fedha yakalifuata polepole kama msafara wa harusi nyuma ya beni, kwa zaidi ya saa nne. Hakuna anayempita mwenzake, hakuna anayeanguka. Mtangazaji, maskini, alimaliza mambo ya magari, akaingia ya hali ya hewa, akaishia kusimulia chakula alichokula. Kesho yake saa kumi na moja jioni yetu ikashinda ile Porsche namba 91: Richard Lietz wa Austria, Morris Schuring, kijana wa Uholanzi mwenye miaka 19, na shaba wao Yasser Shahin kutoka Australia. Familia ya Shahin ilijijenga kwa vituo vya mafuta kule Adelaide. Mwenye sheli kashinda Le Mans! Na mimi ninayeziacha hela zangu sheli kila wiki siwezi kuulaumu ushindi huo kabisa. Kwa namna fulani ni sisi wateja wa sheli duniani tulioshinda. Wa pili ilikuwa BMW ya pili ya WRT, namba 31. Binamu hakutaka tuizungumze hiyo.

Yaliyobaki nayapitia haraka, kama walivyoyapitia wenye runinga. Hili nalo ni lalamiko. Magari ya GT hukimbia pamoja na yale makubwa ya Hypercar, na kamera ni za hayo makubwa. Unamwona wa kwako anaingia kona akiwa wa tatu katika daraja lake, picha inahamia Ferrari na Toyota zinazofukuzana, inarudi baada ya nusu saa, wa kwako yuko wa tisa na hakuna anayekwambia kulitokea nini. Wenye GT wanaonekana vizuri wakati mmoja tu, wanapopisha.

Basi São Paulo ilishinda tena namba 92, na kilo zao. Austin, Marekani, ilishinda Aston Martin ya Heart of Racing, timu inayochangisha fedha za hospitali ya watoto ya Seattle, kwa hiyo hapo nimenyamaza kwa heshima. Fuji, ambayo kwa saa zetu ni mambo ya alfajiri, akashinda yule bwana wa ndege, Flohr, na wenzake Francesco Castellacci na Davide Rigon. Ubingwa uliamuliwa hapo hapo Fuji, Septemba, ikiwa imebaki mbio moja ya msimu: Malykhin, Sturm na Bachler. Bahrain mwezi wa Novemba ikaenda kwa Ferrari nyingine, namba 55, ya watu walioshindania heshima tu.

Nimeutafuta upande wa kuukataa ubingwa huo, maana ndiyo kazi yangu, na sikuupata. Wajerumani wa Manthey walibebeshwa, wakabeba, na shaba wao alikimbia kuliko shaba wa wengine. Walistahili. Kinachoniuma ni zile saa zangu: Qatar, Spa, Le Mans, ukizijumlisha ningeweza kuipaka rangi nyumba yote pamoja na ukuta wa nje, jambo ambalo nimekumbushwa.

Msimu wa 2025 ulianza Qatar, Ijumaa ya tarehe 28 Februari. Al Harthy na Rossi walikuwemo tena kwenye namba 46, safari hiyo pamoja na Kelvin van der Linde, na binamu alikuwa ameshaanza kutuma sauti. Kwangu runinga ya siku hiyo ilikuwa imeshawekewa nafasi na watu wa gari la waridi na tamthilia yao. Msomaji mwenye runinga ya pili asiyoitumia siku za mbio anijulishe mapema. Kahawa na kashata nitakuja nazo mwenyewe.